Nyumba ya Ufukweni Puerto Vallarta: Hasa Unanunua Nini?

Novemba inapoingia na baridi ya kaskazini kuanza kuuma, ndege za kutoka Toronto, Calgary, Chicago na Minneapolis hujaa wazee waendao Puerto Vallarta, jiji la ufukweni lililo katika jimbo la Jalisco, upande wa Pasifiki wa Mexico. Wengine hukaa wiki mbili wakarudi. Wengine hubaki mpaka Aprili. Na wapo ambao, baada ya misimu kadhaa, huuza nyumba zao na kuhamia moja kwa moja. Wenzetu waliokwenda Marekani na Kanada wakiwa vijana, wakafanya kazi ya uuguzi, udereva au ualimu, nao sasa wanakaribia kustaafu. Pensheni haitoshi kuishi vizuri mjini Toronto, na nyumbani Mombasa au Tanga ni mbali mno na wajukuu. Kwa hiyo Mexico imeanza kutajwa katika mazungumzo yao.

Swali linalowachanganya watu kuliko yote ni hili: je, mgeni anaruhusiwa kumiliki nyumba kando ya bahari nchini Mexico? Ukimuuliza dalali, atakwambia ndiyo, bila wasiwasi wowote. Ukifungua Katiba ya nchi hiyo, utakuta imeandikwa hapana. Majibu yote mawili ni ya kweli. Na mtu asiyejua hiyo hapana ilitoka wapi, na hiyo ndiyo ilipitia mlango gani, anaweza kulipa fedha za maisha yake yote kwa karatasi ambayo haimpi kitu.

Tuanze na hapana. Katika miaka ya 1820 Mexico iliwakaribisha walowezi kutoka Marekani, ikawapa ardhi Texas. Mwaka 1836 walowezi hao walijitangazia uhuru. Vita vikafuata, na kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 nchi ikapoteza karibu nusu ya eneo lake: California, Arizona na kwingineko. Katika miaka ya 1860 Wafaransa waliingia kwa njia ya bahari, wakamweka mfalme kutoka Austria. Kisha ukaja utawala mrefu wa Porfirio Díaz, ambapo makampuni ya kigeni yalijikatia mashamba makubwa huku wanakijiji wakinyang'anywa ardhi za mababu zao. Mapinduzi yalipolipuka 1910, ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha madai. Katiba ya 1917 ilijibu kwa kifungu cha 27: mgeni hataruhusiwa kabisa kumiliki moja kwa moja ardhi wala maji ndani ya kilomita 100 kutoka mipakani na kilomita 50 kutoka baharini.

Puerto Vallarta yote imo ndani ya ukanda huo. Cancún imo, Mazatlán imo, na sehemu kubwa ya rasi ya Baja California imo. Katazo hili linahusu hasa pale wageni wanapotaka kuishi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa sana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kupanga ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nchi zilizowahi kuporwa ardhi huandika sheria za namna hii, na mimi naona zina haki ya kuziandika.

Lakini utalii nao una nguvu zake. Mwaka 1963 mwongozaji filamu John Huston alikuja kupiga filamu Mismaloya, kusini kidogo mwa mji, na waandishi wa habari wakamfuata kwa sababu mwigizaji Richard Burton alikuwa na mpenzi wake, mwigizaji Elizabeth Taylor. Dunia ikaona picha za mji mdogo wa mapaa ya vigae uliobanwa kati ya milima na ghuba ya Banderas. Agosti 1970 Rais Gustavo Díaz Ordaz alimpokea Rais Nixon hapohapo, na uwanja wa ndege wa jiji leo una jina la Díaz Ordaz. Wakati huohuo serikali ilikuwa inatafuta namna ya kupata dola za wageni bila kugusa kifungu cha 27.

Njia iliyopatikana inaitwa fideicomiso. Iliwekewa msingi kwa amri ya rais ya 1971 na sheria ya 1973, na sasa inaongozwa na Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni ya 1993. Ni mpango wa amana wenye pande tatu. Muuzaji anaihamishia benki ya Mexico hati ya nyumba. Benki inabaki na jina lake kwenye hati, lakini inaishika nyumba hiyo kwa faida yako tu. Wewe unaandikwa kuwa mnufaika. Anayejua jinsi wasii anavyoshika mali ya yatima ameshaelewa: mali imo mkononi mwake ila si yake, na hawezi kuila. Mnufaika ana haki ya kuishi humo, kupangisha, kukarabati, kuuza na kurithisha, na benki ina wajibu wa kufuata maagizo yake alimradi hayavunji sheria.

Amana hudumu miaka 50, na inaweza kuongezwa muda. Ya zamani ilikuwa ya miaka 30, kwa hiyo ukinunua kutoka kwa mtu mwenye amana ya zamani, angalia imebakiza miaka mingapi. Kibali hutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Mexico, na ndani yake unakubali sharti moja ambalo wengi hutia saini bila kulisoma. Kwa mali hiyo, unahesabiwa kama Mmexico, na hutakimbilia serikali ya nchi yako ikutetee. Ukikimbilia, mali inaweza kuchukuliwa na taifa. Sharti hilo limetokana na mawazo ya Carlos Calvo, mwanasheria wa Argentina wa karne ya 19, aliyechoshwa na mataifa makubwa kuleta manowari kudai madeni ya raia wao.

Watu huuliza: benki ikifilisika, je? Mali ya amana haihesabiwi kuwa mali ya benki, kwa hiyo wadai wa benki hawaigusi; amana huhamishiwa benki nyingine. Kinachokera zaidi ni ada. Utalipa fedha za kuanzisha amana, halafu kila mwaka mamia kadhaa ya dola, uwepo usiwepo. Ndiyo maana baadhi ya madalali humshawishi mnunuzi aanzishe kampuni ya Kimexico ili inunue nyumba moja kwa moja. Sheria inairuhusu kampuni kumiliki ardhi ya pwani kwa shughuli za biashara, kama hoteli au duka. Nyumba ya kuishi haimo. Kampuni pia inadaiwa hesabu za kodi mwezi baada ya mwezi. Mzee anayetaka kupumzika asijitie humo. Aprili 2013 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuruhusu wageni kumiliki nyumba za kuishi ufukweni bila benki, lakini ulikwama Seneti, na Katiba ikabaki ilivyo.

Tushuke sasa mpaka mchangani. Hata ukiwa na amana safi kabisa, ufuo wenyewe si wako. Kuanzia pale maji ya bamvua yanapofika, hesabu mita 20 kuelekea nchi kavu: ukanda huo ni wa taifa, na hauuzwi kwa mtu yeyote, awe mgeni au mzawa. Serikali inaweza kutoa kibali cha kuutumia, na ndivyo migahawa ya ufuo wa Los Muertos inavyopata ruhusa ya kupanga viti na miavuli. Lakini mchanga ni wa umma. Mama wa Kimexico akija na wanawe na sufuria yake ya chakula akatandika nguo mbele ya hoteli ya kifahari, yuko kwao, na tangu marekebisho ya sheria ya 2020 kuna faini kubwa kwa anayemfungia njia. Kwa hiyo tangazo la nyumba likikwambia ina ufuo wake binafsi, anza kumtilia shaka mwenye tangazo. Na kama ukuta au bwawa la kuogelea limeingia ndani ya zile mita 20, ulizia kibali cha sehemu hiyo kina jina la nani na kinaisha lini, maana kibali hakihami chenyewe nyumba inapouzwa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililowaumiza wageni wengi kuliko yote: ejido.

Baada ya Mapinduzi, serikali iliyachukua mashamba makubwa na kuwapa wanakijiji kwa pamoja. Rais Lázaro Cárdenas peke yake, kati ya 1934 na 1940, aligawa hekta zipatazo milioni 18. Ardhi ya ejido ilikuwa ya jumuiya. Kila mwanachama alipewa sehemu ya kulima na haki ya kuwaachia wanawe, ila hakuruhusiwa kuiuza, kuikodisha wala kuiweka rehani. Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye sauti. Kwa wakulima ulikuwa ukombozi. Hakuna aliyefikiri kwamba vichaka vilivyokuwa vikilishwa ng'ombe ufukweni vingekuja kutamaniwa kuliko mashamba ya mahindi.

Sehemu kubwa ya ardhi kuizunguka ghuba ya Banderas ilikuwa ya ejido. Watalii walipoanza kuja, watu waliuziana viwanja kwa mdomo na kwa vikaratasi, na jiji likakua juu ya ardhi ambayo kisheria haikuwa inauzika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaingilia kati, ikatwaa sehemu ya ardhi hizo kwa fidia, ikaunda mashirika ya amana ya kupima viwanja na kutoa hati, upande wa Jalisco na upande wa jimbo jirani la Nayarit ng'ambo ya mto Ameca. Ndiyo maana mitaa mingi ya jiji la kale ina hati zisizo na utata. Pembezoni bado kuna mabaki ya hali ya zamani. Ukipanda boti kwenye gati la Los Muertos ukaelekea kusini mpaka Yelapa, kijiji kizuri chini ya milima, unafika kwenye ardhi ya jumuiya ya wenyeji asilia. Pale hununui ardhi. Unapewa nafasi kwa makubaliano na jumuiya, na hukumu ya jumuiya ndiyo sheria ya kila siku.

Mwaka 1992, chini ya Rais Carlos Salinas de Gortari, kifungu cha 27 kilirekebishwa. Tangu hapo mkutano wa ejido unaweza kuamua kuwapa wanachama umiliki kamili wa sehemu zao. Sehemu hiyo huondolewa kwenye Registro Agrario Nacional, daftari la ardhi za wakulima, ikaandikwa kwenye Registro Público de la Propiedad, daftari la kawaida la mali. Baada ya hapo inauzika. Hata hivyo, mara ya kwanza ya kuuza, mke au mume, watoto na wengine waliotajwa na sheria wana haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Wasipoarifiwa ipasavyo, wanaweza kwenda mahakamani na mauzo yakabatilishwa. Mnunuzi asiyejua hili huona mkulima mmoja mwenye tabasamu na bei nzuri. Nyuma ya mkulima huyo kuna ukoo mzima na mkutano wa kijiji.

Mfano unaotajwa mpaka leo ulitokea Punta Banda, karibu na Ensenada, kwenye pwani ya Baja California. Wamarekani wengi wastaafu walikuwa wamejenga nyumba nzuri kwenye ardhi waliyoikodi, wakiamini ni ya ejido. Watu wengine walidai kwamba ardhi hiyo ilikuwa yao tangu mwanzo, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Mexico, na wadai wakashinda. Mwishoni mwa Oktoba 2000 maofisa walifika na amri ya kuwatoa. Wazee wakabeba walichoweza kubeba. Walikuwa wamelipa kwa uaminifu, wakajenga kwa uaminifu, lakini haki waliyodhani wameinunua haikuwa mkononi mwa aliyewauzia.

Dalili za hatari zinajulikana. Bei iko chini sana ya viwanja jirani. Karatasi unayoonyeshwa inaitwa cesión de derechos, yaani kuachiana haki, au constancia de posesión, barua ya kuthibitisha kwamba fulani anakalia eneo hilo. Muuzaji anasema hati kamili iko njiani, imebaki miezi michache. Benki haitakubali kuanzisha fideicomiso juu ya karatasi kama hizo, na hapo ndipo ada ya benki inayolalamikiwa inapojilipa: benki hukagua hati kwa maslahi yake yenyewe, nawe unafaidika. Mtu akikwambia mpango wake ni nafuu kwa sababu hauhitaji benki, na wewe si raia, achana naye.

Kitu unachopaswa kukiona kinaitwa escritura. Ni hati iliyoandikwa na notario público na kusajiliwa. Notario wa Mexico asifananishwe na wale wapiga mihuri wa Marekani, wanaothibitisha saini kwa dola chache benki au dukani. Ni mwanasheria mzoefu aliyeteuliwa na serikali ya jimbo. Yeye huchunguza historia ya mali, hudai cheti kinachoonyesha kama nyumba ina rehani au deni, hukokotoa kodi na kuzikusanya. Lakini hakutetei wewe, na hamtetei muuzaji. Kazi yake ni uhalali wa hati. Kwa hiyo tafuta pia wakili wako mwenyewe, asiyelipwa na dalali. Na jua kwamba hakuna leseni ya udalali ya nchi nzima. Mtalii aliyefika mwaka jana anaweza leo kuwa na kadi ya biashara na kukuonyesha nyumba.

Kuna desturi moja mbaya ya zamani: kuandika kwenye hati bei ndogo kuliko iliyolipwa, ili kodi ya ununuzi ipungue. Muuzaji atakusihi, atasema kila mtu anafanya hivyo. Anayeumia ni wewe, siku utakayouza. Mexico hutoza kodi kwenye faida, na faida huhesabiwa kutoka bei iliyo kwenye hati. Mgeni asiyehesabiwa kuwa mkazi kwa kodi hukatwa asilimia 25 ya bei nzima ya kuuzia, au, akitimiza masharti, asilimia 35 ya faida. Ukiwa umeandika nusu ya bei, nusu nyingine itaonekana ni faida ambayo hukuipata. Vivyo hivyo na ukarabati: ukibadilisha jiko na mabomba bila kudai factura, risiti rasmi ya kielektroniki yenye jina lako, gharama hizo hazitahesabiwa. Fundi atakupunguzia bei usipodai factura. Mdai tu.

Nyumba za kwenye ramani, ambazo hujengwa baada ya wewe kuanza kulipa, zimejaa Puerto Vallarta kwa sasa. Kila kilima cha mtaa wa Zona Romántica kina kreni. Hapo swali la kwanza ni kama mjenzi anamiliki kiwanja chenyewe na ana vibali vya ujenzi. La pili ni fedha zako zinakaa wapi jengo likichelewa. Kama jibu la pili ni kwamba zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mjenzi, jua kwamba wewe ndiye unayemkopesha.

Kununua nyumba na kuruhusiwa kuishi ni mambo mawili tofauti. Amana haikupi ukaaji, na huhitaji kuwa mkazi ili uwe na amana. Mtalii hupewa hadi siku 180, na ofisa wa uhamiaji anaweza kuandika pungufu, kwa hiyo soma muhuri kabla hujaondoka dirishani. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, ambayo huombwa ubalozini. Mexico ina ubalozi Nairobi. Akiwa na viza hai au ukaaji wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen, anaruhusiwa kuingia kwa matembezi bila viza ya Mexico. Ruhusa hiyo ni ya matembezi tu.

Anayetaka kukaa huomba ukaaji wa muda katika ubalozi mdogo wa Mexico nje ya nchi hiyo, na hukubaliwa kwa kuonyesha kipato au akiba. Mwaka wa kwanza hupewa kadi ya mwaka mmoja, kisha huongezewa, na baada ya miaka minne anaweza kuwa mkazi wa kudumu. Kinachowashtua wastaafu ni kiwango. Kimefungwa kwenye kima cha chini cha mshahara cha Mexico, siku 300 za mshahara kwa kila mwezi wa kipato. Mwaka 2018 kima hicho kilikuwa peso 88 na senti kwa siku. Kufikia 2025 kilikuwa peso 278.80. Mfanyakazi wa Mexico alinyanyuliwa, jambo jema na lililochelewa mno, na papo hapo mlango wa mstaafu ukapanda kufikia zaidi ya peso 83,000 kwa mwezi, kiasi cha dola 4,000 na ushei. Ushauri wa miaka kumi iliyopita, kwamba pensheni ya dola 1,500 inakutosha kuhamia, haufai tena.

Sarafu nayo haikai mahali pamoja. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilipata peso 20 na kidogo. Julai 2023 ilikuwa chini ya 17. Mwenye pensheni ya dola 2,000 alipoteza zaidi ya peso 6,000 kila mwezi bila kufanya kosa lolote, huku kodi ya nyumba ikipanda. Na kodi imepanda kwa kila mtu. Wahudumu, wapishi na mafundi wanaoliendesha jiji wamesukumwa mbali na bahari, kwenda El Pitillal, Ixtapa na Las Mojoneras, na kila asubuhi huja kwa mabasi kuwatandikia wageni vitanda. Sensa ya 2020 ilihesabu karibu watu 292,000 katika manispaa hii; wengi wao hawatamudu kamwe fleti inayoangalia ghuba. Mgeni anayeishi hapo ajue yumo ndani ya jambo hili. Walau alipe mishahara ya haki na kumwandikisha mfanyakazi wake wa nyumbani kwenye bima ya jamii, kama sheria inavyotaka.

Kuhusu tiba, hospitali binafsi za jiji ni nzuri, na bei zake ni nafuu ukizilinganisha na Marekani. Ila Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida hailipii matibabu ya Mexico. Mkazi wa Ontario akikaa nje zaidi ya siku 212 katika miezi 12 anaweza kupoteza bima ya mkoa wake. Mkazi mwenye kadi anaweza kujiunga kwa hiari na IMSS, mfuko wa bima ya jamii wa Mexico, lakini kuna maradhi ambayo mwombaji akiwa nayo tayari hakubaliwi. Mwenye kisukari au moyo ayapange haya kabla ya kuangalia nyumba.

Wengi huijua Puerto Vallarta ya Januari: jua la upole, nyangumi wakirukaruka ghubani kuanzia Desemba hadi Machi, jioni ya kutembea Malecón, njia ya waenda kwa miguu inayofuata ufuo. Hapo utamkuta mwuzaji amebeba buyu kubwa, akimimina kwenye gilasi kinywaji chepesi chenye rangi hafifu ya waridi, akitia juu yake karanga na vipande vya tofaa. Ni tuba, utomvu wa mnazi, uliogemwa kwa kukata kole kama wagema wetu wanavyofanya. Ufundi huo ulifikishwa pwani ile na Wafilipino waliovuka Pasifiki kwa merikebu za Manila, zilizosafiri kati ya 1565 na 1815. Mtu wa Pemba au Kilifi ataonja na kujua kilipotoka.

Septemba ni mji mwingine. Mvua huanza Juni na kwenda hadi Oktoba, joto halipungui usiku, nguo huota ukungu kabatini, na bili ya umeme hupanda kwa sababu ya viyoyozi. Milima huikinga ghuba kwa kiasi, ila si daima: Oktoba 2002 mawimbi ya kimbunga Kenna yaliuvunja Malecón na kuingia hotelini, na Oktoba 10, 2023 kimbunga Lidia kilitua kusini mwa ghuba kikiwa na nguvu ya daraja la nne. Tetemeko la Oktoba 1995 liliangusha taji lililo juu ya mnara wa kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe. Maoni yangu ni kwamba asinunue mtu yeyote ambaye hajapanga nyumba hapo mwaka mzima, Septemba ikiwemo.

Kuna mtego mwingine, nao unakungoja uwanja wa ndege. Ukishapita forodha, kabla ya kutoka nje, unapita ukumbi uliojaa watu nadhifu wenye vitambulisho shingoni, wanaokuuliza hoteli yako na kukuonyesha teksi. Wanauza likizo za kugawana, ambapo unalipia haki ya kutumia chumba wiki fulani za kila mwaka. Sema hapana asante, uendelee kutembea mpaka nje. Mkataba ukishatiwa saini, sheria inakupa siku tano za kazi za kuuvunja, kwa maandishi. Utapeli mkubwa zaidi huja miaka baadaye: simu inapigwa kwa mzee anayetaka kuuza wiki zake, anaambiwa mnunuzi amepatikana, ila atangulize kodi na ada. Mnunuzi hayupo. Tangu 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani imeyawekea vikwazo makampuni na watu kadhaa wa Puerto Vallarta kwa kuendesha utapeli huo kwa faida ya CJNG, genge kubwa la jimbo hilo.

Limebaki moja, la siku utakapokuwa haupo. Fideicomiso hukuruhusu kuwataja wanufaika wa akiba, na ukifariki, haki huwahamia wao kupitia benki bila kesi ndefu ya mirathi katika mahakama za Mexico. Wapo wanaoacha nafasi hiyo wazi. Kwa familia zetu kuna ugumu wa ziada: Mexico huandika majina ya ukoo mawili, la baba na la mama, ilhali sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na mara nyingi pasipoti ya mtoto aliyezaliwa Minnesota hailingani na cheti cha kuzaliwa cha mama yake aliyezaliwa Lamu. Mpe notario majina kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na mtoto akiolewa au akibadilisha jina, andikia benki irekebishe.